Mzinga wa Tatu

Mjomba wangu Theonest, mfuga nyuki wa Mugoma, hakumwelekeza mtu kwa barabara hata siku moja. Alielekeza kwa miti yake, tena kwa majigambo, mpaka sisi wapwa zake tukachoka. Kwetu mti wenye mzinga haukatwi. Hata mwizi wa ng'ombe anaupita kwa heshima. Basi mwaka 1995 Keza, binti wa mama mmoja mkimbizi, Niyokwizera, alipomuuliza iliko chemchemi, maana foleni ya maji kambini ilikuwa haiishi, mjomba alimjibu harakaharaka: hesabu mizinga yangu, kwenye wa tatu shika kushoto. Mwenyewe hakuwa ameingia msituni tangu mavuno yaliyopita.

Kesho yake Niyokwizera alikuja kwetu anatetemeka kwa homa, akasema mtoto hajarudi. Tukaingia msituni watatu.

Msitu gani? Visiki. Mti wa kwanza umekatwa, mzinga umepasuliwa, siafu wanamalizia masega. Wa pili vilevile. Nikawalaani wakimbizi kwa sauti, nimesahau niko na nani. Niyokwizera alisema tu kwamba maharage ya msaada hayaivi kwa jua. Niliona haya, lakini hasira haikunitoka.

Mjomba alikaa juu ya kisiki cha pili.

"Mgeni anahesabu anachokiona," akasema.

Tukaanza kuhesabu upya. Mzinga wa tatu ndio uliokuwa wa kwanza kubaki mtini. Tukaipita njia ya chemchemi, maji tunayasikia kabisa, tukaenda hadi wa nne, hadi wa tano, ambao kwa macho ya mtoto ndio wa tatu. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka, hawana habari. Kushoto kwa mti ule kuna korongo, na nyasi zimefunika ukingo wake. Sisi wa hapa tunalijua tangu utotoni.

Keza alikuwa chini, kichwa kwenye jiwe, dumu lake limenasa kichakani. Mama yake tulimwacha juu, tukateremka tukamfunika uso kwa shati la mjomba. Nililia waziwazi.

Tulipopanda, Niyokwizera alikuwa amekaa pale pale tulipomwacha.

"Mzee, mwanangu alipotelea wapi?"

Niliomba moyoni mjomba aseme uongo. Angesingizia visiki, nani angembishia?

"Hakupotea, mama," akasema. "Alifuata neno langu mpaka mwisho."