Kaka Alivyojisimamishia Vidonge

Katika boma letu hapa Malinya, kazi ya kupima damu ya kaka yangu nilipewa mimi kwa sababu moja tu: mimi huwa nipo. Wenzangu wana soko, wana mashimo ya dhahabu, wana mikutano ya kanisa. Mimi nina kiti karibu na mlango wa jikoni, na mtu akitaka kujua niko wapi hana haja ya kupiga simu. Shemeji, mke wa kaka, ndiye aliyenipendekeza. Alisema mvua ya mawe ikinyesha itanikuta nimekaa, na ikiisha itaniacha nimekaa. Biolojia ya kidato cha nne nilipata D, lakini siku hiyo hakuna aliyeuliza.

Kaka alikuwa amebadilishiwa mlango mmoja wa moyo, akawekewa wa chuma. Ule wake uliharibiwa na homa ya utotoni. Mimi ndiye niliyeandamana naye hadi ile hospitali kubwa ya mbali, safari ambayo bado nadai watu wanipongeze. Kabla ya kupasuliwa tulielezwa mambo pole pole. Moyo utasimamishwa, na mashine itasukuma damu badala yake. Damu ikipita kwenye mipira ya mashine hutaka kuganda, kwa hivyo inatiwa dawa, na yuko mtu ambaye kazi yake ni kuchota damu kidogo kila mara na kutazama inachukua muda gani kuganda. Ikianza kuganda upesi, dawa inaongezwa. Upasuaji ukiisha, dawa ya pili inaizima ile ya kwanza. Vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi, ambavyo kaka alikuwa akivimeza tangu zamani, vilisimamishwa mapema, akawa anadungwa sindano badala yake. Kaka aliitikia kwa kichwa kila neno. Nilidhani anaelewa yote.

Tuliporudi nyumbani vidonge vilirudi, na safari hii ni vya maisha yote. Binamu yetu aliye ng'ambo alituletea kamashine kadogo ka kupimia. Namchoma kaka kidole, tone linaingia kwenye kijikaratasi, nambari inatokea. Ikiwa kati ya mbili na nusu na tatu na nusu, tunakunywa chai. Ikipanda sana, anaweza kuvuja damu hata kwa kugonga goti mezani. Ikishuka, damu inaweza kugandia kwenye kile chuma, kipande cha damu hiyo kikang'oka kikaenda kichwani. Alasiri, kuku wakinyamaza, ungeweza kukisikia chuma chenyewe kikigonga kifuani mwake kama saa ya bei rahisi.

"Daktari wa jikoni amekuja kuninyonya," alikuwa akisema akinyoosha kidole. Nami namwambia damu yake haina ladha, ningekuwa mbu ningehamia Mumias kwenye miwa.

Lakini kaka alikuwa na fahali wa kupigana, na hapo ndipo ucheshi wetu ulipoishia. Daktari alimkataza kukaribia pembe. Kaka akaahidi atatazama kwa mbali. Sasa, huku kwetu mwenye fahali hatazami kwa mbali. Anaingia uwanjani akikimbia kando ya mnyama wake, ngoma za isukuti zikilia mbele, akimpigia mbinja na kumtia moyo. Mwenye fahali akisimama nyuma na wauza mandazi, atachekwa mpaka fahali mwenyewe aone haya.

Wiki ya pambano nilimpima, nikapata moja nukta mbili. Nikailaumu mashine. Nikamchoma kidole kingine, ikaja ile ile. Nikamuuliza kama amemeza vidonge.

Akatabasamu kama mtu aliyeshinda bao.

"Kabla ya kunipasua walifanya nini? Walisimamisha vidonge nisimwagike damu. Kisu na pembe vina tofauti gani?"

"Walikupa sindano badala yake, kaka. Na kulikuwa na mtu wa kupima."

"Na wewe si upo? Pima."

"Nimepima. Damu yako imekuwa nzito. Itagandia kwenye hicho chuma."

"Wewe unaogopanga hata jogoo," akasema. "Pambano likiisha nitameza viwili, tuwe sawa."

Nilimwambia shemeji. Shemeji akapigia kliniki simu, akaambiwa amlete siku hiyo hiyo. Alipotoka nje kumwita, kaka alikuwa ameshakwenda kukaa na fahali wake, simu ameizima. Shemeji akamfuata hadi kwenye zizi, akamsihi mbele ya wanaume wenzake. Walimcheka kaka kwamba anaitwa nyumbani kunywa uji. Baada ya kicheko hicho, hata mimi nilijua harudi.

Jumamosi sikwenda uwanjani, na hilo halitamshangaza mtu. Nilisikia ngoma kutoka kwenye kiti changu. Fahali wetu alishinda. Kaka aliletwa amebebwa mabegani, akavua shati mbele yangu na kugeuka mara mbili nione hana hata mkwaruzo. Kweli hakuwa nao. Akameza viwili kama alivyoahidi.

Jumapili asubuhi alikuwa akifunga vifungo vya shati aende kanisani. Vidole vya mkono wa kulia vikakataa. Shemeji akamuuliza ana nini, naye akajibu kwa sauti isiyo na maneno, mdomo umekwenda upande mmoja.

Hospitalini daktari alitaka kujua ni nani aliyemshauri kusimamisha dawa. Nikamwambia ni hospitali. Alidhani namtania.

Fahali ameuzwa. Wale waliombeba kaka mabegani walikuja mara moja, wakasifu chai, wakaondoka. Siku hizi vidonge vyake anapewa na shemeji, anangoja mpaka aone koo limemeza. Mimi nampima, naye hana tena maneno ya kunirudishia mzaha, kwa hivyo nimeacha kumchokoza. Mzaha wa mtu mmoja ni kelele tu.

Mwezi uliopita nilimpeleka kliniki ya mjini. Muuguzi alitazama nambari zake zote akafurahi. Akasema wagonjwa wengi wanamsumbuanga, wanaruka vidonge, wanadanganya. "Lakini huyu mzee wako ameshika masharti vizuri sana. Nimsifu nani?"

Nikasema amsifu mgonjwa, siku hizi ni msikivu.

Kaka aliupeleka mkono wake wa kushoto chini ya meza akanifinya paja kwa nguvu zote alizobakiza, mpaka nikaruka kitini. Muuguzi akauliza kuna nini. Nikasema hakuna. Niliona raha kufinywa hivyo, na njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira kwamba hiyo sasa ndiyo raha yetu.