Kaburi la babu yangu Mwingereza limekaa mshazari

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ajuaye alipolala kila mja wake, awe chini ya mchanga wa Arabuni au chini ya majani ya Ulaya.

Wakuu, assalaam alaikum. Na ndugu zangu Wakristo mlioko humu, amani iwe kwenu pia. Kisa hiki kina sehemu yenu, mtaiona. Majina ya watu nimeyabadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, chumvi sitii.

Mimi ni mzee wa Mombasa, Dubai nimekaa miaka mingi. Nilianzia chumba cha kushirikiana kule Karama, sasa namalizia uzee kwa binti yangu Rukia, Silicon Oasis. Jioni nafundisha Qur'ani watoto wa familia mbili tatu za Mirdif.

Sasa, babu yangu mzaa baba alikuwa Mwingereza.

Najua mtacheka. Mimi ni mweusi tii kama bibi, hata wanafunzi wangu hawaniamini. Alikuja Mombasa akiwa fundi wa mitambo bandarini, akasilimu, akaitwa Yusuf, akamuoa bibi kwa nikaha mbele ya watu. Wakazaa wawili: baba yangu, na shangazi yangu Mwanaisha.

Shangazi akiwa bado mdogo, babu aliugua kifua. Akaenda kwao kutibiwa, akaahidi kurudi.

Hakurudi. Mfanyakazi mwenzake ndiye aliyeleta habari kwamba amefariki, na amezikwa kijijini kwao, kwenye uwanja wa kanisa.

Wazee wa wakati ule wakakata shauri: aliyezikwa kanisani amerudi kwenye dini yake ya zamani. Na kwetu, aliyeuacha Uislamu haombewi maghfira akishakufa. Basi kila hitima ya ukoo, majina ya marehemu wetu yanasomwa mmoja mmoja, la Yusuf linarukwa. Na binti yake amekaa papo hapo, anasikia linavyorukwa.

Shangazi ameishi hivyo mpaka akawa ajuza.

Mwaka 2016 akanipigia simu.

"Swaleh, safari yangu imekaribia. Nambie kitu kimoja tu. Nikimwombea baba, nakosea?"

Wakuu, nimekaa mbele ya masheikh tangu utotoni, lakini swali lile sikutaka kulijibu kwa kubahatisha. Nikamwambia, "Nipe muda, shangazi."

"Muda ninao wapi mimi? Muda mwombe Mungu, ndiye mwenye nao!"

Rukia ana mwenzake kazini, mama wa Kiingereza, tumwite Madam Helen. Starehe yake ni kufuatilia koo za watu. Sisi tulikuwa na jina la zamani la babu na jina la kijiji, kwa kuwa bibi aliwakaririsha wanawe kama mtoto anavyokaririshwa sura fupi. Helen akaandika kwenye ukurasa wa kijiji kile mtandaoni. Ni kijiji cha kanisa moja na duka moja. Akajibu mama anayetunza makaburi: jina analijua, kaburi lipo.

Mlioko huku mnajua simu za video zinavyosumbua. Basi yule mama akarekodi, akatuma, na Helen akaja nyumbani na video hiyo Ijumaa baada ya swala.

Tukaona mawe ya makaburi safu kwa safu, yote yameelekea upande mmoja. Desturi yao ni kichwa magharibi, miguu mashariki. Manyunyu yanaanguka, mbwa anatangulia. Halafu pembezoni kabisa, kaburi moja limekaa mshazari, limezikatisha safu zote.

Yule mama akasikika anacheka. "Hili tunaliita kaburi la mlevi. Inasemekana mchimbaji alikuwa amelewa. Wanataka kuligeuza jiwe, mashine ya kukata nyasi haipiti vizuri."

Helen uso ukamwiva. "Mzee, nisamehe. Sikujua atasema hivyo."

Mimi nilikwishasimama. "Rudisha nyuma. Rudisha."

"Baba, kuna nini?" Rukia akauliza.

Nikamwomba Helen amwandikie yule mama aweke dira ya simu juu ya kaburi. Majibu yakaja chai haijapoa: kichwa kusini-magharibi, miguu kaskazini-mashariki.

Mtu akilazwa hivyo kwa ubavu wa kulia, kama Waislamu tunavyozika, uso wake unatazama kusini-mashariki. Na ukiwa Uingereza, kusini-mashariki ndiko kwenye Makka.

Rukia akaziba mdomo kwa mkono. Helen akatutazama kwa zamu. "Jamani, niambieni na mimi!"

"Ameelekezwa qibla," Rukia akamwambia.

Subhanallah. Nywele zilinisimama.

Lakini sikutaka kujenga juu ya jiwe tu. Nikaomba waulizwe watu wa kijiji. Yule mama akaenda kwa mzee mmoja ambaye baba yake ndiye aliyelichimba. Yule mzee akawa mkali: "Baba yangu hakugusa pombe maisha yake yote!" Akasimulia alivyosimuliwa. Mgonjwa alikuja mwenyewe na mkongojo, ana dira mkononi, akapigilia vigingi viwili ardhini. Akasema, nilazeni hapa, kwa ubavu wa kulia. Mchungaji wa kanisa alipoitwa, alivitazama vile vigingi, akasema, "Mwacheni alale atakavyo."

Ndugu zangu Wakristo, kwa ajili ya mchungaji yule nawashukuru.

Nikampigia shangazi. Nikamweleza yote, mpaka vile vigingi viwili.

"Kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumwelekeza," akasema. "Akajielekeza mwenyewe."

"Ndiyo, shangazi."

"Basi mwambie mwalimu wa hitima, Alhamisi tunamsomea."

Kule kijijini wameahidi jiwe halitaguswa.

Wakuu, wanachuoni wetu wanasema yakini haiondolewi na shaka. Yakini ilikuwa shahada ya babu. Shaka ilikuwa udongo alimozikwa. Msimhukumu maiti kwa kiwanja alimolazwa. Mwenye wake aliyelala ugenini atusimulie hapa chini, nitasoma kila mmoja.

Alhamisi ile nilisikiliza hitima kwa simu nikiwa Dubai. Mwalimu alipofika kwenye jina la Yusuf hakuliruka. Amin ya kwanza ilitoka upande wa wanawake, peke yake, kabla hajamaliza kulitamka.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe wa kukutaja kwa heri siku usipokuwepo, na popote utakapolala, akuelekeze kwake.