Afisa Asiye na Mhuri

Katika kiwanda cha ndoo na mabeseni ya plastiki walikuwamo watu mia mbili na kumi na wawili waliolipwa ovataimu, na mtu mmoja wa kuwaandikia hiyo ovataimu. Huyo mmoja wafanyakazi walimpa jina la Dada Fomu, kwa kuwa hakuna aliyefika mezani kwake akaondoka mikono mitupu: fomu ya likizo, fomu ya ugonjwa, fomu ya msiba, hata fomu ya glavu zilizochanika.

Alikuwa na miaka thelathini na mitatu na diploma ya utawala. Saa kumi na mbili asubuhi, zamu ya kwanza inapoingia, yeye tayari yuko mlangoni na boksi la kadi za mahudhurio. Saa moja jioni, zamu ya pili ikishatulia kwenye mashine, ndipo anapofunga kabati lake. Siku sita kwa wiki. Mapumziko ya Jumamosi aliyasikia kwa watu tu. Kila mwisho wa mwezi alijumlisha saa za kila mfanyakazi kwa penseli, kisha kwa kompyuta, kisha tena kwa penseli, maana alijiapiza kwamba hakuna atakayepunjwa hata nusu saa kupitia mkono wake. Na hakupunjwa mtu. Isipokuwa yeye.

Utani wa mlinzi wa getini ndio uliomfumbua macho.

“Dada Fomu,” mlinzi alimwambia siku ya mshahara, huku akikunja karatasi yake ya malipo na kuitia mfukoni taratibu, “mwezi huu nimekupita. Ukitaka kukopa njoo getini, usione haya.”

“Umenipita wapi wewe?”

“Karatasi umeiandika mwenyewe, halafu unaniuliza mimi?”

Alicheka, akaingia ofisini, akafungua orodha. Ni kweli. Mlinzi alikuwa amempita kwa Jumamosi nne, Jumamosi zilezile ambazo yeye naye alikuwapo, akimwandikia mlinzi saa ya kuingia na saa ya kutoka. Hakumwonea wivu, mlinzi alistahili kila senti. Uchungu uliompanda ulikuwa wa mtu aliyepakulia ukumbi mzima, kisha akagundua kwamba sahani yake haikuwahi kuletwa.

Akaenda kwa meneja mkuu.

Meneja mkuu alikuwa mtu wa tabasamu pana na jibu moja. Ukimwomba likizo: nitaangalia. Ukimwambia feni ya stoo imekufa: nitaangalia. Kiwanda kizima kilimwita Nitaangalia, ila mbele yake walimwita bosi. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alikuwa na jibu jingine.

“Wewe ni uongozi, dada. Uongozi hauna ovataimu. Umewahi kuniona mimi nikidai ovataimu?”

“Wewe unaondoka saa tisa, bosi.”

“Naondoka na kazi kichwani,” alisema, bila hata kuona aibu. Akavuta faili, akatoa nakala ya barua, akaisukuma mezani kwa kidole kimoja. “Soma. Afisa Mwandamizi wa Rasilimali Watu. Anasimamia wafanyakazi wote. Anaajiri, anatoa ruhusa na kuadhibu kwa uamuzi wake mwenyewe. Si wewe huyo?”

Dada Fomu hakuhitaji kusoma. Barua ile aliiandika yeye.

Miaka minne nyuma kiwanda kilisikia kwamba wakaguzi wanakuja. Nitaangalia akamwagiza aandike barua ya maelezo ya kazi ya kila mtu kwa siku tatu. Akaandika mpaka vidole vikafa ganzi, na kote aliandika ukweli mtupu: anaendesha mashine namba nne, anafagia ukumbi wa kwanza na wa pili. Alipofika kwake mwenyewe alikuwa amechoka, na kando yake palikuwa na madaftari ya chuo yenye maneno matamu kuhusu kazi ya afisa wa watumishi. Tena nyumbani baba yake alikuwa hachoki kuuliza, “Hivi wamekupa cheo gani?” Akayachukua maneno ya chuo kama yalivyo. Akajivika joho lisilo lake, akalishonea na vifungo.

Nitaangalia alipoisoma ile barua alitabasamu, akaisaini papo hapo. Mtu ambaye kusaini fomu ya glavu kulimchukua wiki mbili! Huyo alijua anachokifanya. Mshahara haukusogea hata kidogo. Kilichosogea ni jina, na nyuma ya jina saa zikaanza kuongezeka, moja moja, kimyakimya.

Na hicho cheo kilikuwa cheo gani? Mhuri wa ofisi ulikaa kwenye droo ya Nitaangalia, na ufunguo wa droo ulining’inia kwenye mkanda wa suruali yake. Dada Fomu hakuwahi kuajiri hata mfagiaji. Hakuwahi kumpa mtu ruhusa hata ya robo siku. Alipokea fomu, akaipanga, akaipeleka, akaisubiri, akairudisha. Kwa miaka minne alichoamua kwa akili yake ni rangi ya mafaili tu. Alichagua kijani. Nitaangalia akarudisha khaki.

Kwa wiki nzima alitumia saa ya chakula kusoma sheria ya kazi, kijitabu kilichokuwa kimegeuzwa kigingi cha kuzuia mlango wa stoo. Humo alikuta kitu kilichomfanya asimame wima. Sheria haikuuliza mtu anaitwa nani. Iliuliza anafanya nini. Anayeongoza kweli na kuamua kweli halipwi ovataimu. Anayefanya kazi ya mezani kwa maagizo ya mwingine hulipwa, hata akiitwa mfalme. Siku ya pili yake alipeleka malalamiko ofisi ya kazi.

Tatizo lilikuwa moja, na halikuwa Nitaangalia. Lilikuwa baba.

Baba alikuwa fundi mstaafu wa mashine za uchapishaji, mjane, mtu wa maneno machache. Ile barua ya cheo alikuwa ameipeleka kwa seremala ikatiwa fremu na kioo, akaitundika sebuleni juu ya redio. Mgeni hakukaribishwa kiti kabla hajaisoma. Fundi wa bomba aliisoma. Muuza mkaa asiyejua kusoma alisomewa. Sasa, ili ashinde, binti alitakiwa akae mbele ya watu aseme kwamba barua ile ni uongo tangu mstari wa kwanza.

“Nitakuja na wewe,” baba alisema alipopata habari za shauri. “Na barua nitaileta. Wakiiona yenyewe, na fremu yake, watajua wanaongea na mtu wa namna gani.”

“Baba, si lazima…”

“Mwanangu, wewe ni afisa. Huwezi kwenda peke yako kama mtu aliyeibiwa kuku.”

Alifungua mdomo amweleze. Akaufunga. Alifanya hivyo siku nne mfululizo.

Ofisi ya kazi ilikuwa chumba chenye meza mbili, kabati lisilofungika na mafaili yaliyofungwa kwa kamba. Mkaguzi wa kazi, mama wa makamo mwenye miwani iliyoshikizwa na uzi, aliwaketisha. Nitaangalia alikuja na tai mpya. Baba aliketi nyuma, fremu imefungwa kwa magazeti mapajani mwake.

“Bwana meneja,” mkaguzi alianza, “mlalamikaji anasema hulipi saa zake za ziada. Unasemaje?”

“Huyu ni kiongozi mwenzangu, mama. Wafanyakazi wote wako mikononi mwake. Ruhusa anatoa yeye, adhabu anatoa yeye. Mimi siingilii.” Akaweka nakala mezani. “Iko kwenye barua.”

“Nakala hii imefifia. Sahihi siioni. Barua halisi iko wapi?”

Kabla binti hajajibu, baba alikwisha simama. Akayafungua magazeti taratibu, akaiweka fremu mbele ya mkaguzi, akakipangusa kioo kwa mkono wa shati. “Hii hapa, mama. Haina hata vumbi.”

Nitaangalia akatabasamu hadi jino la mwisho. “Asante sana, mzee wangu. Umeniokolea kazi.”

Baba naye akatabasamu, hajui anashukuriwa kwa nini. Dada Fomu alilitazama tabasamu lile la baba yake, na hasira ikamchemka mpaka masikioni. Si kwa ajili ya Jumamosi tena. Kumbe watu hawa hawakutosheka na saa zake! Waliingia mpaka sebuleni kwao, wakaufanya ufahari wa mzee kuwa kufuli la kumfungia mwanawe.

“Barua inasema unaamua,” mkaguzi alimwambia. “Ni kweli?”

“Si kweli, mama.”

“Nani aliiandika?”

“Mimi.” Akaikazia macho fremu. “Kila neno. Niliyatoa kwenye madaftari ya chuo. Siajiri, siadhibu, sitoi ruhusa. Napokea fomu na kupeleka fomu. Hata mhuri sina.”

Nyuma yake kiti kililia. Hakugeuka.

“Anajishusha tu,” Nitaangalia alisema. “Unyenyekevu wa kike. Nakwambia mama, ruhusa zote—”

Simu ikalia. Ilikuwa simu ya ofisi, ile ambayo Dada Fomu aliamriwa asiizime hata akiwa kanisani au msibani. Akaishika, akaomba radhi kwa macho.

“Pokea,” mkaguzi alisema. “Weka spika.”

“Dada Fomu!” Sauti ya fundi wa mashine namba nne ilijaa chumbani, na nyuma yake mngurumo wa kiwanda. “Shule wamenipigia. Mtoto kashikwa na homa, anatapika. Mama yake yuko safarini. Naomba nitoke nikamchukue.”

Mkaguzi aliegemea kiti. “Haya, afisa mwandamizi. Ruhusa si unatoa wewe? Toa.”

Dada Fomu aliisogeza simu karibu. Miaka minne alikuwa akiwajibu watu hawa kwa maneno ya mtu mwingine. “Nenda,” alisema. “Nenda kamchukue mtoto. Fomu utajaza kesho.”

“Aende wapi?” Nitaangalia aliruka kama aliyekalia kaa la moto. “Nani kakwambia aende? Mashine namba nne isimame kwa ajili ya homa? Mwambie asubiri nirudi. Nitaangalia!”

Mkaguzi alivua miwani, akaiacha ining’inie kwenye uzi wake.

“Dada,” simu ikasema kwa sauti ya chini, “huyo si Nitaangalia huyo? Basi nimekwisha.”

Karani wa meza ya pili aliyekuwa akijifanya hasikii alicheka mpaka akaangusha faili.

“Baba mtoto,” mkaguzi aliinamia simu, “hapa ni ofisi ya kazi. Nenda ukamchukue mwanao sasa hivi. Akikufukuza, njoo kwangu.” Kisha akamgeukia meneja. “Bwana, umesema huingilii.”

“Mama, hii ilikuwa dharura…”

“Hata mimi nimeona.”

Akaandika muda mrefu, kalamu ikikwaruza. Alipomaliza alisoma kwa sauti: mlalamikaji ni mfanyakazi wa ofisi, si kiongozi, saa zake za ziada zilipwe kuanzia mwezi huu, na zile za nyuma zihesabiwe kwa kadi zake mwenyewe za mahudhurio, ambazo, mkaguzi aliongeza, hajawahi kuona kadi zilizojazwa vizuri namna ile. Mwisho akagusa fremu.

“Mzee, barua hii nitaihitaji kwenye faili. Halisi. Pole.”

Dada Fomu akageuka sasa. Baba alikuwa ameshasimama. Aliilaza fremu kifudifudi mezani, akachomoa visumari vya nyuma kimoja kimoja kwa ukucha wa kidole gumba, ukucha mnene uliozoea kupanga herufi za risasi za mashine ya kuchapa. Akaitoa barua, akamkabidhi mkaguzi bila kuisoma tena. Akaitia fremu tupu kwapani, wakatoka.

Walitembea mpaka kona ya barabara ndipo baba aliposema.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ulikuwa unaipenda, baba.”

“Mimi?” Akasimama katikati ya njia, watu wakawa wanampita huku na huku. “Miaka thelathini na moja nimechapa vitabu vya watu. Sikuitwa afisa hata siku moja. Lakini nikizidisha dakika kumi na tano kwenye mashine, naandikiwa dakika kumi na tano. Na wewe ulikuwa unarudi nyumbani huwezi hata kuvua viatu, mimi nawasomea wageni karatasi!” Akaitikisa fremu tupu. “Hasira zangu si kwako, binti yangu. Ningejua, ningempeleka huyo mwenye tai kwa seremala, siyo barua.”

Dada Fomu alicheka huku analia, akamchukulia fremu.

Jumatatu aliandaa orodha ya ovataimu kama kawaida, kwa penseli, kwa kompyuta, na tena kwa penseli. Chini ya jina la mia mbili na kumi na mbili akaongeza la mia mbili na kumi na tatu, lake. Cheo: karani wa watumishi. Akaipeleka kwa meneja mkuu ikagongwe mhuri.

Nitaangalia, mkoba wa kuondokea tayari mkononi, aliitupia jicho, akaisukuma pembeni, juu ya lundo la fomu za glavu.

“Iache hapo. Nitaangalia.”

Dada Fomu hakuondoka. Akavuta kiti, akaketi, akatoa kadi yake ya mahudhurio na penseli, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika tano alasiri, na saa zake za kawaida zilikwisha saa tisa. Akaandika.

“Angalia tu, bosi, bila haraka,” alisema. “Nakusubiri. Na dakika hizi nazo naziandika.”

Meneja akaitazama kadi. Akaitazama penseli. Kisha mkono wake ukashuka kwenye mkanda wa suruali, kutafuta ufunguo.