Mashine ya Shemeji

Fundi Mara Moja hakupewa jina hilo bure. Mashine ya boti aliyoifunga yeye haikuhitaji kuzungushwa hendeli mara mbili. Unazungusha mara moja, inakohoa, inashika, na yeye tayari amekupa mgongo anafuta mikono. Alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na baba yake, na mkewe alikuwa akimtania kwamba hata akipewa ufalme atauliza kwanza kama utamlazimu kubadili jina.

Gatini, neno lake kuhusu mashine lilikuwa sheria. Akisema hii imekufa, imekufa, mwenyewe kalie nyumbani. Ndiyo maana siku boti ya shemeji yake ilipozimikia katikati ya maji, ikapigwa na mawimbi hadi kwenye miamba na watu wanne wakafa, shemeji mwenyewe akiwa mmoja wao, aliyeulizwa alikuwa fundi. Jana yake tu alikuwa ameifanyia matengenezo mashine ile. Akasimama mbele ya umati, macho yamemvimba kwa kilio, akasema mashine ilikuwa nzima, ameifunga kwa mikono yake mwenyewe, na mashine nzima haizimi bila sababu. Hakumtaja mtu. Hapakuwa na haja. Shemeji kwa chupa alikuwa anajulikana, na watu hesabu za namna hiyo hawahitaji kufundishwa.

Mjane wake, dada mdogo wa fundi, alilia akisema mumewe alikuwa na miezi miwili hajagusa pombe. Mzee muuza dizeli naye alisema amemjazia tangi asubuhi ile na hakumnusa chochote. Nani angewasikiliza? Mjane ana aibu ya kuficha na muuzaji ana biashara ya kulinda. Neno la Mara Moja likabaki juu, na marehemu akazikwa na jina la mlevi aliyeua watu.

Miaka tisa ikapita hivyo. Mjane akishuka gatini, maongezi yanakatika. Mtu pekee aliyeendelea kumsalimia kila siku bila kukosa alikuwa yule mzee wa dizeli. Mjane amezoea, watu walisema, kwa vile hawakuwa wao. Kisha mwaka huu binti wa mjane akapata mchumba, mambo yakaenda vizuri, mpaka bibi yake bwana harusi alipojua msichana ni wa nani. Bibi huyu alikuwa akiuza sabuni na viberiti kwenye meza palepale gatini, na kitinda mimba wake alikuwa ndani ya boti ile. Akasema hawezi kuingiza nyumbani kwake damu ya mlevi aliyemuulia mtoto. Posa ikavunjika Jumanne. Jumatano asubuhi mjane alikuwa mlangoni kwa kaka yake.

"Kaka, naomba uje uifungue ile mashine ya mume wangu."

Fundi akamkumbusha kwamba yaliyopita si ndwele.

"Kwako si ndwele. Mimi naumwa mpaka leo," dada akasema. "Nataka kujua ilizima kwa nini. Ikiwa ni yeye, nitanyamaza mpaka naingia kaburini. Ikiwa si yeye, mwanangu aolewe."

Fundi akakubali, na tusimsingizie: alikubali kwa moyo mweupe. Alikuwa na hakika hatakuta kitu. Aliona atamtibu dada yake kwa kumuonyesha mashine isiyo na hatia, amalize kilio chake, atafute namna nyingine ya kuishi.

Mashine ilikuwa stoo, nyuma ya nyumba, pale walipoibwaga wavulana walioitoa kwenye mabaki ya boti. Dada alikuwa ameifunika magunia, na juu ya magunia akaweka beseni la vyombo, kwa hiyo miaka tisa familia ilikuwa ikianikia sahani juu ya msiba wake. Fundi alipoondoa gunia la mwisho, mende wakatawanyika kila upande. Kutu ilikuwa imeula mkono wa hendeli. Akajaribu kuzungusha, hola. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda.

Akafungua kichwa cha silinda, akamimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki kwenye tundu la silinda, kisha akachukua kitambaa safi akaliziba tundu. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Kila tundu analolifungua analiziba papo hapo kwa kitambaa, mchanga usiingie, mdudu asiingie. Mafundi wengine wakimcheka kwamba anazivisha mashine nepi. Yeye akiwajibu kwamba mashine haiuawi na uzee, inauawa na uchafu, na kwa kweli zao zilikufa mapema.

Akaiacha hivyo siku tatu. Kila siku akipita baada ya kazi, anaweka kipande cha mbao juu ya pistoni, anagonga taratibu kwa nyundo, anasikiliza, anaongeza mafuta, anaondoka. Siku ya nne ikasogea unene wa ukucha. Dada yake aliyekuwa amesimama mlangoni akashika mdomo. Kufikia jioni ile gurudumu lilikuwa linazunguka kwa mkono.

Siku ya tano akaja asubuhi na mapema. Akamwaga oili ya zamani. Kwanza yalitoka maji meusi, halafu uji mzito. Akasugua vali, akasafisha nozeli mpaka ikarusha ukungu, akabadilisha mpira wa pampu ya maji uliokuwa umekauka kama kipande cha ngozi. Hakukuta kasoro hata moja isiyokuwa ya kukaa kwingi. Kila alipomaliza sehemu alijisikia mwepesi zaidi, na haya kidogo kwa sababu ya wepesi huo. Dada akaenda jikoni kumchemshia chai. Fundi akafungua chungu cha chujio la dizeli, kazi ya mwisho.

Ndani, pembeni mwa chujio, kulikuwa na kitambaa.

Kilikuwa kimejiviringisha na kuchomoza kwenye tundu la kutokea dizeli, kimelowa, kimekuwa cheusi. Akakivuta kwa vidole viwili, akakikamua. Chini ya uchafu kikaonekana manjano yenye maua ya buluu. Mwaka ule alikuwa amekata pazia kuukuu la mama yao kuwa matambara ya kazi. Lilikuwa pazia la manjano, la maua ya buluu, lililotenga chumba walimolala watoto na kile cha wazazi. Hapakuwa na fundi mwingine duniani mwenye tambara la pazia lile.

Alijua mara moja lilivyofanya kazi. Mashine ikienda polepole, dizeli inapenya kwenye nyuzi. Ukiikaza mwendo ukiwa katikati ya maji, unapokwepa wimbi, inavuta kwa nguvu, kitambaa kinaziba tundu, mashine inakufa. Akajaribu kuikumbuka siku ile, akaikumbuka vizuri mno. Alikuwa amefungua chungu, ameziba tundu kama kawaida, na watu wa boti nyingine wakamwita kwa kelele kwamba ile mashine yao imeshika, hendeli moja tu, aje ajionee. Alikwenda. Walimsifia, wakacheka, naye akacheka. Aliporudi akakaza boliti za chungu, akafuta mikono.

Akasikia kandambili za dada yake uani. Akakitia kitambaa mfukoni.

Akafunga kila kitu, akajaza dizeli, akashika hendeli. Akaomba isiwake. Akazungusha. Mashine ikakohoa, ikatema moshi mweusi uliojaza stoo nzima, ikashika. Dada akaweka kikombe chini akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, akipigapiga bomba la moshi kama anayemgonga mgongo mtoto aliyepaliwa.

"Haya niambie!" alipaza sauti juu ya mngurumo. "Ilizima kwa nini?"

"Dizeli ilikuwa chafu," fundi akasema.

"Kwa hiyo hakuwa amelewa?"

"Hakuwa amelewa."

Maneno mawili tu. Miaka tisa alimnyima dada yake maneno mawili, na sasa aliyatoa kwa urahisi, tena kwa uongo wa kuyasindikiza. Dada akakaa juu ya magunia. Kwa muda uso wake ulirudi ule wa usichana, na fundi akafikiri labda imekwisha, labda Mungu ni mwema. Halafu ule uso ukabadilika.

"Dizeli alinunua kwa mzee," akasema. "Kila siku ananisalimia. Ananiuliza watoto hawajambo. Kumbe alikuwa anajua alichomuuzia mume wangu."

Akasimama, akajifunga kitambaa cha kichwa. Alisema anakwenda kumuuliza mbele za watu, ajibu leo.

Fundi akamtazama akivuka mlango. Na lililomjia moyoni tuliseme lilivyo, maana mwenyewe baadaye hakulificha: aliwaza kwamba mzee yule ni mgonjwa, amebakiza mwaka mmoja au miwili, ataubeba mzigo huu kwa muda mfupi kisha utazikwa naye. Aliwaza hivyo mpaka dada alipofika kwenye lango la ua. Ndipo akaizima mashine. Kimya kilichofuata kilimfanya dada ageuke.

"Rudi, mdogo wangu."

Akatoa kitambaa, akakiweka mkononi mwake. Dada akakikunjua, akakigeuza upande wa pili. Hakuuliza ni cha nani. Alikuwa amelala nyuma ya pazia lile miaka kumi na sita.

"Kilikuwa wapi?"

"Kwenye chujio. Nilikisahau mimi."

Fundi alisubiri atukanwe. Angepigwa pia angeshukuru. Dada akakiminya kile kitambaa, dizeli ikimchuruzika kwenye kiwiko.

"Siku ile ulimsema ukiwa umesimama wapi?"

"Gatini."

"Basi twende gatini."

Walikwenda, yeye mbele, kaka nyuma, mchana wa saa sita, boti zikipakia. Mlio wa mashine ulikuwa umewatangulia. Vijana wakaanza kumshangilia kutoka mbali, wakiuliza hendeli ngapi, na mmoja akajibu kwa niaba yake kwamba hilo nalo la kuuliza? Fundi akanyoosha mkono wanyamaze. Mzee wa dizeli akatoka dukani kwake akasimama kizingitini.

Akayasema yote. Alisema kitambaa ni chake, chujio alilifunga yeye, na shemeji yake hakuwa na kosa. Alisema pia kwamba nusu saa iliyopita alikuwa amemtupia kosa mzee wa dizeli. Hakulia, kwa kuwa siku ile alikuwa ameshalia hapohapo na watu wakamwamini. Wapakiaji walisimama na magunia mabegani, wamesahau kuyatua.

Bibi muuza sabuni akainuka mezani kwake. Akaja polepole, akamwomba mjane kile kitambaa, akakitazama, akamrudishia kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia fundi. Alionekana kama mtu anayeomba apewe kitu cha kushika asianguke.

"Na wewe siku ulipoifunga hiyo mashine," akamuuliza, "ulikuwa umelewa?"

"Hapana, mama," fundi akasema. "Nilikuwa na akili zangu zote."