Ndege wa Korongoni

Enzi zetu, sisi tuliokulia kando ya ziwa, tuliamshwa na ndege ambaye hakuna mtu kijijini aliyewahi kumwona sawasawa. Aliishi korongoni nyuma ya nyumba yetu, kwenye msitu mnene uliopanda kilima hadi kwenye mawe makubwa. Ungeona mkia wa rangi ya kutu ukipotea majanini, basi, umeishia hapo. Sisi mabingwa wa kombolela tulikiri kwamba kwa kujificha huyu alitushinda wote. Jina lake hatukulijua. Tulimwita Wa Korongoni, kama vile ni mtu wa ukoo.

Sauti yake ndiyo ilikuwa kalenda ya mama. Mvua za kwanza zilipokaribia alianza kuimba alfajiri, na mama hakutia jembe ardhini kabla hajamsikia. Majirani wakipanda mapema, alitikisa kichwa. "Haraka haraka haina baraka," alisema, kisha akatuketisha kizingitini tusikilize. Tulikaa pale tukitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, migumu kama kokoto, ubaridi wa ziwa ukitupanda miguuni, na ole wake atakayekohoa. Ndege akishaimba, mama alitugawia karanga za mbegu tukapande. Zile tulizozila njiani alijifanya hazioni.

Wanangu huko mjini Pasiansi huamshwa na simu inayowika kama jogoo, ilhali jogoo wa jirani amewika mpaka sauti imemkauka. Nilipowasimulia habari za ndege huyu, mkubwa aliuliza jina lake ili amtafute mtandaoni. Nikamwambia hana. Akaniangalia kwa huruma, kana kwamba nimesema sikuwahi kuwa na utoto.

Msitu ule haupo tena, na sitamsingizia mtu. Baba alipofariki, mama alianza kubanika samaki. Sato na sangara walipangwa juu ya chanja, moshi ukafuka mchana kutwa, na kuni zilitoka korongoni. Wanawake wengine wa ufukweni walifanya vivyo hivyo. Moshi ule ulitununulia sare na madaftari, na ukanifanya mwalimu. Hakuna aliyekuwa mwovu. Tulikuwa na njaa, na miti ilikuwa karibu. Kuna msimu tulishtuka kwamba hatumsikii tena Wa Korongoni.

Mama peke yake hakujua, kwa sababu masikio yake yalikuwa yameshakufa. Aliamini ndege anaendelea kuimba, ila yeye ndiye hasikii, na macho yake hayafiki tena korongoni. Kwa hiyo kila vuli nikienda kumsalimu, hunishika mkono na kunitazama midomo.

"Wa Korongoni ameimba?"

Nami, nikishaona mawingu yametanda na majirani wako shambani, hujibu, "Ameimba, mama." Naye huchukua jembe. Uongo huo ulimpa mavuno, nami niliurudia kila mwaka.

Mwaka huu nilimkuta kitandani. Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani na hakulitazama. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa shida, halafu akauliza kama kawaida. Nikamjibu kama kawaida. Akatabasamu.

"Hebu niigizie, mwanangu, alivyoanza. Nitakushika koo, labda nitamsikia kwa mkono."

Akaweka vidole vyake vikavu shingoni mwangu, akangoja. Nilivuta pumzi, nikafungua mdomo, na hapo ndipo nilipojua kwamba sikumbuki. Niliutafuta wimbo ule nikapata baridi ya kizingiti, nikapata ladha ya michembe, nikapata hata mguno wa mama akitunyamazisha. Sauti yenyewe haikuwepo. Niliona aibu, kisha nikaogopa, maana ndugu zangu nao nilikuwa nimewahi kuwauliza, na kila mmoja alinipigia mluzi usiofanana na wa mwenzake.

Vidole vya mama vilikaa pale muda mrefu. Hakukuwa na kitu kilichotikisika chini yake. Aliuondoa mkono polepole, akanitazama usoni, si midomoni.

"Aliacha lini?"

Enzi zetu, siku aliyoanza kuimba ilijulikana kijiji kizima, hadi kwa watoto. Siku aliyonyamaza hakuna hata mmoja wetu aliyeijua.