Zawadi Iliyomfunga Daktari Nanjala

Daktari Nanjala alikuja Kajiado mwaka 1994 akiambiwa ni kwa mwaka mmoja tu, mpaka apatikane daktari mwingine wa upasuaji. Bungoma alimwacha mumewe Lennox, mwalimu wa sekondari, na binti yao Whitney, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusema. Alipanga nyumba Noonkopir, pale Kitengela kando ya barabara kuu, ili Ijumaa akitoka mapema aweze kuwahi basi la kwenda nyumbani. Ijumaa za kutoka mapema zilikuwa chache.

Madaktari wapya waliletwa kwake wajifunze kazi, na wengi walifika wakitetemeka. Nanjala aliwanunulia matumbo ya mbuzi kwa mwenye bucha, akawakalisha nyuma ya wodi washone mpaka giza liingie. Ndani ya thieta, chumba cha upasuaji, alisimama upande wa pili wa meza, mikono ameikunja kifuani.

"Usiniambie kitabu kinasema nini," aliwaambia. "Wewe unaona nini?"

Hakupiga mtu kelele. Mwanafunzi akikosea, alibaki naye baadaye wakinywa chai, hadi aeleze mwenyewe kilichoharibika bila kumsingizia nesi. Waliopita mikononi mwake walienda kufanya kazi kote nchini, na kila walikoenda walimtaja.

Sifa hiyo ndiyo iliyomfunga. Kila alipoomba uhamisho, mkubwa wa hospitali, Daktari Bedan, alitikisa kichwa.

"Sasa daktari, hawa vijana nitampa nani? Ungekuwa mwalimu mbaya ningekuachilia leo."

Angeweza kuacha kazi. Lakini kila alipoamua, aliletwa mchunga ng'ombe aliyepigwa pembe au mama aliyechelewa kujifungua, na kati ya Kitengela na Namanga hakumjua mwingine wa kumwachia. Mwaka ukazaa mwaka. Alianza kuiona barabara ya lami kama ukuta uliolazwa chini.

Krismasi moja alipofika nyumbani, Whitney alimsalimia kwa mikono miwili, kama mgeni. "Karibu, daktari," akasema. Lennox alicheka. Nanjala akaenda nyuma ya jikoni, akalia huko peke yake.

Mwaka 2003 hospitali ilitangaza kwamba atapewa tuzo ya mwalimu bora wa upasuaji. Aliyempendekeza ni mwanafunzi wake Naserian, msichana wa Bisil. Nanjala alifurahi kweli. Aliwaza kwamba watu wakishakushukuru hivyo, huwa wanakupa ruhusa uende. Alimpigia Lennox simu akamwambia anarudi nyumbani, asafishe chumba cha nyuma aweke vitu vyake.

Siku ya sherehe hema lilijaa. Bedan alimvisha ushanga, akampa ngao ya mbao, kisha akashika kipaza sauti. "Na kwa sababu hatuna mwingine kama yeye, tumemfanya mkuu wa mafunzo kwa miaka mingine mitano!"

Watu wakapiga makofi. Nanjala aliulegeza ule ushanga shingoni. Alipopewa nafasi aseme, alishika kipaza sauti.

"Asanteni," akasema. "Lakini niulize. Kama nimefundisha vizuri, mbona siwezi kwenda? Na kama siwezi kwenda, hii tuzo ni ya nini?"

Walicheka, wakidhani ni mzaha. Naserian peke yake hakucheka. Baadaye alimfuata nyuma ya hema.

"Daktari, nisamehe. Nilidhani nakusaidia."

"Umenisaidia," Nanjala akamjibu. "Sasa nisaidie tena. Mgonjwa atakayefuata, utampasua wewe."

Haukupita muda, mzee mmoja akaletwa kutoka Bisil. Fahali alikuwa amemgonga na bandama imepasuka. Nanjala alinawa, akavaa glavu, lakini akasimama karibu na ukuta. Naserian alipofungua tumbo, damu ilijaa.

"Daktari, njoo! Sioni kitu!"

Miguu ya Nanjala ilitaka kwenda. Ile ilikuwa kazi yake. Akijongea hatua moja tu, hata hiyo miaka mitano isingekuwa mwisho.

"Kandamiza kwanza," akasema polepole. "Pumua. Haya, mkono wako unahisi nini?"

Naserian akapapasa ndani, akasema, "Mshipa. Nimeupata."

"Ubane."

Aliubana. Yule mzee alipona, akatembea mwenyewe hadi kwenye gari la wanawe. Siku moja kabla mzee hajaruhusiwa, Nanjala alimleta Bedan wodini akamwonyesha kidonda kilivyoshonwa.

"Huyu ndiye aliyeshona," akasema akimwonyesha Naserian. "Mwingine ulikuwa unamtafuta wapi?"

Nanjala alimsumbua Bedan hadi Naserian akapelekwa chuo kikuu. Naserian aliporudi na shahada ya upasuaji, mwaka 2008, ndipo Nanjala alipoachiliwa.

Whitney alikuwa kidato cha pili. Wiki za kwanza walipishana jikoni kama wapangaji wawili, kila mmoja akimwachia mwenzake njia. Nanjala hakujua binti yake anakunywa chai ya aina gani, naye aliona haya kuuliza. Jioni moja mvua ikinyesha, Whitney aliweka vikombe viwili mezani.

"Mama," akasema, "mimi huwa siweki sukari."

Nanjala akavuta kiti, akaketi.