Milango Niliyoichomelea Mwenyewe

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Uzeeni nimejiingiza kutengeneza kigari cha mbio za uwanjani. Niling'oa viti vyote isipokuwa changu, nikafunga mabomba ya chuma ndani, kisha nikachomelea milango ili bodi ikaze. Kuingia na kutoka ni dirishani.

Siku ya kumposea mwanangu Shabani kule Kihonda, alinisihi, "Baba, twende wote na bajaji."

Nikakataa. Nilitaka wakwe wausikie mngurumo wangu.

Waliusikia. Wazee wote wakatoka barazani. Baba wa binti akaja kunifungulia mlango, akavuta, akavuta tena.

"Mlango umegoma, mzee?"

"Natokea hapa hapa," nikasema, nikatanguliza kichwa dirishani.

Kanzu ikanasa kwenye bomba. Badala ya kurudi nyuma, nikajisukuma kwa nguvu zote. Niliangukia viganja mchangani nikiwa na bukta tu. Kanzu ilibaki garini.

Mama wa binti akajifunika uso kwa khanga. Nikajua nimemkosesha Shabani mke.

Baba wa binti akageukia milima ya Uluguru, akakohoa.

"Karibu, mkwe. Tutaanza kanzu ikishashuka."